Klorini ya kwenye chumvi na klorini ya kwenye ndoo

Hapa Mantapala bado kuna nyumba zinazokataa maji yenye klorini. Eti ni sumu, bora kushuka na bidoni mtoni. Sisi vijana tunaopita kila mlango tumechoka kusema tu "kunyweni", basi leo tueleze historia yenyewe.

Anayesema ni sumu hadanganyi. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini, upepo ukaibeba mpaka kwa adui, askari wakafa kwa kukosa pumzi. Lakini klorini hiyohiyo imo kwenye chumvi. Na chumvi watu wa huku wanaijua zamani: ile ya Mweru Wantipa ilikuwa biashara kabla Livingstone hajafika ziwa Mweru mwaka 1867.

Mwenzake klorini ndani ya chumvi ni sodiamu. Huyo naye ni mkali: Mwingereza Humphry Davy alimtenga kwa umeme mwaka 1807, na ukimtupa majini analipuka. Sasa wakali wawili wanakuwaje kitu cha kutia kwenye mboga?

Jibu lilikuja 1916, vita bado inaendelea, kutoka kwa Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mtu kwao. Elektroni za nje ya atomu ndizo zinaamua. Sodiamu anayo moja nje, klorini anazo saba na anatafuta ya nane. Sodiamu anatoa, klorini anapokea, mmoja anabaki na chaji chanya, mwingine hasi, wanavutana na kutulia. Lewis akaongeza kwamba atomu nyingine hazipeani, zinatumia jozi ya elektroni kwa pamoja. Hidrojeni na oksijeni ndani ya maji ziko hivyo.

Klorini ya kwenye ndoo hajatulia bado. Ananyang'anya elektroni za vijidudu, wale wa kipindupindu wakiwemo, vinakufa. Akishazipata anakuwa kloridi, yuleyule wa kwenye chumvi. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kutia klorini kwenye maji yake mwaka 1908, na kipimo ni kidogo sana, si kama cha Ypres.

Kazi hiyo inachukua muda, ndiyo maana tunasema subirini dakika 30. Na ile harufu kidogo inayobaki, ambayo mama zetu wanailalamikia, maana yake bado kuna klorini wa kukamata kijidudu kitakachoingia baadaye kwa kikombe au mkono.