Neva na Fahamu katika Istilahi za Kusikia

Kwa muda mrefu Kiswahili kimeiita neva "mshipa wa fahamu". Jina ni zuri, lakini historia ya malaria katika Bonde la Kilombero inalikanusha.

Kwinini, ambayo Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kutoka magome ya mkwinini mwaka 1820, ilikuwa kwa miongo mingi dawa ya malaria kali, Ifakara kama kwingineko. Wengi waliotibiwa kwayo walilalamika kuwa masikio yanavuma. Nje hapakuwa na mvumo wowote: dawa iliigusa sehemu ya ndani ya sikio, na ubongo ukasikia sauti isiyokuwapo. Kinyume chake ni mgonjwa ambaye malaria imempanda kichwani. Mamaye amwitapo, sikio laweza kuwa zima na neva ikapeleka habari hata kwenye shina la ubongo, naye asisikie neno.

Neva, basi, ni tarishi tu. Fahamu imo ubongoni. Twaona kazi ya sikio iitwe "kupokea sauti", na "kusikia" tuuachie ubongo unapoitambua sauti hiyo. Ifakara imefunza watumishi wa afya tangu 1961. Mmoja wao aandikapo "hasikii", mwenzake wa zamu ya usiku apaswa kujua kama mgonjwa ni kiziwi au amezimia.