Saro ya Jana, Simu ya Leo

Ndugu msomaji, mzee wa pwani akimuuliza kijana, "Wewe nani?" hatosheki na jina peke yake. Ataendelea: mtoto wa nani, mwenyeji wa wapi, na waenda na nani? Hicho ndicho kilichokuwa kitambulisho chetu kabla ya vitambulisho vya serikali. Leo kijana huyo yupo barazani mbele yetu, simu mkononi, na humo ndani ana jina jingine tusilolijua na marafiki mia tusiowaona. Je, ndugu, jambo hili ni jipya kabisa? Natutazame historia, nayo itatujibu.

Twende mbali kidogo na bahari, hadi Nyamongo katika Mkoa wa Mara, karibu na Mto Mara na mpaka wa Kenya. Hapo ni kwa Wakurya. Kwa mila yao, wavulana waliotiwa jandoni msimu mmoja huwa rika moja, nalo huitwa saro, na kila saro hupewa jina lake. Kijana halichagui jina hilo, wala hawezi kulibadili, huzeeka nalo. Wenzake wa saro waliiona siku yake ya uchungu, naye aliiona yao. Akifanya uungwana, sifa ni yao wote. Akifanya upuuzi, aibu ni yao wote.

Lakini tusisifu bila ya kupima. Vijana wa rika moja waliweza kusaidiana kujenga na kulima, na waliweza pia kushikana kwenda kuiba ng'ombe. Wasichana nao walikeketwa, na aliyekataa alichekwa na kutengwa na wenziwe, hata sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 ilipokataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Kumbe kuwa na wenzako si wema kwa nafsi yake. Yategemea wanakupeleka wapi.

Kisha dhahabu ikaleta mambo mapya. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002, na watu wa makabila mengi wakamiminika Nyamongo kutafuta riziki. Kijana akajikuta jirani yake haijui saro yake, wala yeye haujui ukoo wa jirani. Miaka hiyo hiyo dunia nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha Facebook. Mwaka 2009 ikazaliwa WhatsApp, na Julai mwaka huo huo waya wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ukafunguliwa Dar es Salaam na Mombasa. Urafiki uliokuwa ukijengwa kwa miaka ukawa wa kubonyeza kidole mara moja.

Wala wazee tusijifanye hatukuwahi kuyapenda mambo haya. Nani kati yetu asiyekumbuka kadi za salamu za redio? Watu walijipa majina ya mbwembwe, wakasalimiana na wasiowahi kuonana nao, na wengine urafiki wao ukafika hadi kwenye arusi na matanga. Kutamani kutajwa na kujulikana si ugonjwa wa vijana wa leo. Ni maumbile ya binadamu.

Basi tofauti i wapi? Tofauti imo katika jina. Mwenye jina la saro alidaiwa kwa jina hilo maisha yake yote. Katika simu, mtu aweza kuwa Hamisi asubuhi na Zuhura jioni. Akitukana au akidanganya, hulitupa jina na kuvaa jingine. Jina linalotupwa halidaiki. Ni kweli kwamba tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Tanzania. Lakini hayo huisaidia serikali kumjua mwenye laini. Binti aliyepokea ujumbe mtamu usiku hajui ni nani aliyeuandika.

Mtume wetu (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, aliwaunga Muhajirina na Ansari wawili wawili, kila mmoja akimjua nduguye kwa jina na kwa uso. Saad bin Rabii akajitolea kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe njia ya sokoni. Mmoja hakuzuia, wa pili hakunyonya. Huo ndio urafiki.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, kumnyang'anya mtoto simu si dawa. Atakwenda kuazima ya mwenzake. Keti naye, umuulize kwa upole maswali ya wazee: huyu ni mtoto wa nani? Ni mwenyeji wa wapi? Ukiugua, atakuja kukutazama? Nawe kijana, kabla ya kuandika neno, jiulize kama ungeweza kulisema kwa jina ulilopewa na wazazi wako, mbele yao. Majina ya simu yatasahauliwa, lakini maneno yameandikwa, na mwenyewe ndiye atakayeulizwa.

Wabillahi tawfiq.