Ufundi Shuleni, Cheti Kwingine: Elimu ya Kazi kutoka Kabete hadi Embakasi

Mtaa wa Fedha, ulioko Embakasi mashariki mwa Nairobi, umepakana na ajira za mikono za kila namna, kuanzia uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1958 hadi vibanda vya jua kali vya upande wa Tassia na Barabara ya Outer Ring, ambako mageti na madirisha ya maghorofa ya kupangisha huchomelewa. Hata hivyo, kijana wa sekondari anayekulia hapo amerithi mfumo uliomtaka amalize shule kwanza ndipo aanze kutafuta cheti cha kazi, hata pale ambapo kazi yenyewe alikwisha kufundishwa darasani.

Mgawanyiko huo ulianza zama za ukoloni. Mwaka 1924 serikali ilianzisha kituo cha Kabete kuwafundisha vijana Waafrika useremala, uashi na uhunzi, na mwaka huohuo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki ikipigia debe elimu ya aina hiyo. Wazazi wengi waliishuku, na walikuwa na haki, kwa kuwa mshahara wa karani ulishinda wa seremala na milango ya elimu ya juu ilifunguliwa kwa masomo ya vitabuni.

Baada ya uhuru, ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966 kuhusu hatima ya wanaomaliza shule ya msingi ilizaa vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini navyo vilisimama nje ya uzio wa sekondari. Badiliko kubwa lilikuja na mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, uliopendekezwa na tume ya Mackay mwaka 1981 na kuanza mwaka 1985, ambao uliingiza ufundi wa mbao, vyuma, ujenzi na umeme katika ratiba za shule, huku wazazi wakichanga kwa harambee ili karakana zijengwe. Mtahiniwa wa ufundi wa mbao alisoma mchoro, akapima, akakata na kuunga vipande kwa ulimi na tundu mbele ya msimamizi. Lakini katika cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, kazi hiyo yote iligeuka herufi moja kando ya historia na jiografia. Ili mwajiri amtambue kuwa fundi, ilimbidi afanye majaribio ya ufundi ya serikali, yenye gredi tatu, ambayo leo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Kumpima mtu mara mbili kwa ujuzi uleule, na kumlipisha ada ya pili, kulikuwa dhuluma kwa watoto wa maskini hasa.

Somo la usafiri wa anga, ambalo Shule ya Upili ya Mang'u imekuwa ikilifundisha hadi KCSE, linaonyesha ufa huohuo: mwanafunzi hulifaulu kama somo la shule, ilhali leseni hutoka kwa mamlaka ya anga, na mafunzo ya kazi hutolewa katika vyuo kama kile cha anga cha Afrika Mashariki, kilichoko hapohapo Embakasi.

Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa, yaani ngazi za pamoja ambamo vyeti vya shule, vya ufundi na vya vyuo vikuu hulinganishwa, iliweka msingi wa kulimbikiza na kuhamisha alama za masomo kutoka taasisi moja hadi nyingine. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi, uliochukua nafasi ya 8-4-4, waliingia Gredi ya 10, katika sekondari pevu yenye mikondo mitatu, na mkondo wa sayansi na teknolojia ukabeba masomo ya kiufundi ndani yake. Kilichobaki ni kazi ya mabaraza ya mitihani, ambayo hayana budi kukubaliana ni saa ngapi za karakana ya shule zitahesabiwa chuoni, na nani atatia sahihi kwamba mwanafunzi wa Embakasi anayejua kuchomelea ni mchomeleaji kabla hajamaliza Gredi ya 12.