Kimpira cha Sikioni: Kisa Kirefu cha Kitu Kidogo

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliahidi nitaandika kuhusu masikio, basi leo naanza. Tulieni, maana nitawapeleka hadi Paris kisha nitawarudisha Bagamoyo.

Kuna mama mmoja alikuja kliniki na mtoto mgongoni, lakini shida haikuwa ya huyo mdogo. Ilikuwa ya kaka yake, kijana wa kidato cha pili. Mama anasema: "Nesi, huyu anaweka iafoni mpaka mimi niliyekaa pembeni nasikia nyimbo zote. Nikimwambia apunguze, anasema besi haitoki." Kijana mwenyewe alikuwa pale, kainamisha kichwa. Nikamwomba anionyeshe hizo iafoni. Kimpira cha kulia kilikuwa kinapwaya, cha kushoto hakipo kabisa, limebaki bomba la plastiki tupu.

Nikacheka kidogo, maana kosa hilo nalijua. Mimi mwenyewe liliwahi kunitia aibu wodini, na simu hata haikuhusika. Nitalieleza, ila kwanza tujue hivi vimpira vimetoka wapi.

SEHEMU YA 2

Mwaka 1816, daktari Mfaransa René Laennec alikuwa anamhudumia msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Wakati ule daktari akitaka kusikia moyo alilaza sikio lake kifuani kwa mgonjwa. Huyu alikuwa msichana, tena mnene, kwa hiyo Laennec aliona haya, na hata angelaza sikio asingesikia vizuri. Akakumbuka watoto aliowaona wakicheza na gogo: mmoja anakwaruza kwa pini upande huu, mwingine katega sikio upande wa pili anasikia. Akachukua karatasi, akaikunja iwe bomba, ncha moja kifuani kwa msichana, nyingine sikioni kwake. Moyo ukasikika kuliko alivyowahi kuusikia. Ndiyo ikazaliwa stetoskopu. Baadaye akaichonga ya mti.

Sisi wakunga tuna sababu yetu ya kumpenda mzee huyu. Mwaka 1821 Mfaransa mwingine, Kergaradec, aliweka bomba hilo juu ya tumbo la mjamzito akasikia moyo wa mtoto. Na ile pembe ambayo nesi anakuwekea tumboni kliniki, halafu anakwambia "mama nyamaza kidogo", inaitwa kwa jina la Adolphe Pinard, aliyeitengeneza mwaka 1895. Mpaka leo tunaitumia, na umeme ukikatika haina habari.

Umeshawahi kuona nesi akishatega sikio kwenye pembe anaachia mkono? Tunafundishwa hivyo. Ukiishika, vidole vinaleta kelele. Unaibana kwa sikio lako lenyewe, sikio lizibe ule mdomo wa pembe kabisa. Ukiacha upenyo mdogo tu, ule mdundo wa mbali, tu-tu-tu, unapotea.

Stetoskopu ya masikio mawili ilikuja baadaye. Mwaka 1852 daktari George Cammann wa New York alitengeneza ya kwanza iliyofaa kazi ya kila siku. Sasa yakazuka maswali mapya: ncha inayoingia sikioni iweje? Ikiwa nyembamba inachoma, ikiwa nene haiingii, na ikipwaya husikii kitu. Cammann aliweka vifundo vya pembe ya ndovu.

Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Maana miaka hiyohiyo meno ya ndovu yalikuwa yanashuka pwani yetu hii, kwenye mabega ya wapagazi waliotembea miezi kutoka bara, yanavushwa Unguja, na wafanyabiashara Wamarekani wa Salem walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Sehemu kubwa ilikwenda kutengenezea vibao vya piano. Ukipita Caravanserai pale mjini ukaona ule uwanja, kumbuka kwamba mzigo wa namna ile ulikuwa na soko mpaka kwenye sikio la daktari wa New York.

Baada ya pembe ikaja mpira, kisha plastiki, kisha vimpira laini vya siku hizi. Swali limebaki lilelile la Cammann.

SEHEMU YA 3

Sasa aibu yangu. Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya usiku, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Kuna mama mjamzito kaja miguu imevimba, anasema kichwa kinamuuma. Nikachukua stetoskopu ya wodini, ile inayotumiwa na kila mtu, nikapima presha. Nikaandika 130 kwa juu. Nikaridhika.

Dada wa zamu, mtu mzima, hakuridhika. Akamwangalia yule mama usoni, akatoa stetoskopu yake mfukoni, akapima upya. 160.

Kisha akaishika ile niliyotumia, akanionyesha. Kimpira kimoja kimepasuka, kingine kimekakamaa kama kokwa. "Mwanangu, wewe umesikia nusu." Yule mama alianzishiwa dawa usiku uleule, na alijifungua salama. Lakini mnajua kifafa cha mimba kinavyofanya. Mimi sikulala hata nilipotoka zamu.

Kwa nini nilisikia nusu? Milio tunayoitegea kwenye presha, aliyoieleza daktari Mrusi Korotkov mwaka 1905, ni milio mizito, ya chini. Na sauti nzito ndiyo ya kwanza kutoroka penye upenyo. Fikiria pampu ya baiskeli yenye tundu dogo. Ukisukuma taratibu, hewa inatoka kwenye tundu, hakuna presha. Ukisukuma haraka haraka, hewa haipati muda wa kutoka, unahisi inakubana mkono. Sauti nyembamba inasukuma hewa haraka, maelfu ya mara kwa sekunde. Besi inasukuma polepole, kwa hiyo inavuja. Ndiyo maana mimi nilisikia ule mlio ukiwa umechelewa, na kijana wa kidato cha pili anasikia "tsi-tsi-tsi" bila mdundo.

SEHEMU YA 4

Watu wa pwani na mdundo, jamani, hatujaanza jana. Ngoma kubwa haisikiwi kwa sikio peke yake, inagonga kifua. Bagamoyo ikapata na chuo chake cha sanaa mwaka 1981, ambacho sasa tunakiita TaSUBa, na waliokua karibu nacho wamelala na kuamka na ngoma. Huku kwa Wazaramo ikatoka mchiriku, vinanda vidogo vya Casio na ngoma kupitia spika zinazokoroma, na baadaye uswahilini Dar ikatoka singeli. Zote zinataka besi. Sasa mtoto aliyezoea besi ya spika za mtaani, umpe iafoni inayopwaya, ataridhika?

Muziki wenyewe uliingia sikioni taratibu. Hedifoni za mwanzo za maana alitengeneza Nathaniel Baldwin wa Utah, jeshi la majini la Marekani likazinunua mwaka 1910. Zilikaa juu ya masikio. Walkman ya Sony ya 1979 ilikuja na visponji, navyo vya juujuu. Hata zile nyeupe za iPod, mwaka 2001, zilining'inia tu mlangoni mwa sikio bila kuziba.

Waliorudia akili ya Cammann ni watu wa vifaa vya kusikia. Kampuni ya Etymotic, iliyoanzishwa na mtaalamu wa masikio Mead Killion, ilitoa mwaka 1991 iafoni ya ER-4 ambayo kimpira chake kinaingia ndani na kuziba kabisa. Sponji nayo ilitoka kwenye vizibo vya wafanyakazi wa viwandani, ile unayoifinya, unaiingiza, inajitanua yenyewe. Leo zile za barabarani Bunju na stendi ya Bagamoyo nyingi zina vimpira, na ndani ya pakiti mara nyingi kuna jozi mbili za ziada. Watu wengi wanazitupa pamoja na boksi!

SEHEMU YA 5

Msizitupe. Zile jozi tatu ni ndogo, ya kati na kubwa, na kiwandani wanavalisha ya kati. Masikio ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana, kwa hiyo usishangae kulia kukitaka cha kati na kushoto kikubwa. Jaribu hivi: vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza taratibu, achia. Ikikaa vizuri, utasikia sauti yako mwenyewe nzito kichwani ukiongea. Weka wimbo kwa sauti ndogo, kisha bonyeza iafoni kidogo kwa kidole. Kama besi inaongezeka ghafla unapobonyeza, kimpira ni kidogo au hakijakaa. Kama sikio linauma, ni kikubwa. Usilazimishe.

Sponji inaziba kuliko silikoni, lakini kwa joto letu inanyonya jasho, na fangasi wa sikio wanapenda unyevu. Mimi nawashauri silikoni. Kivue, kioshe kwa maji na sabuni, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Msiazimane. Sikio linalotoa usaha lisiwekwe chochote, lije kwetu. Na wenye watoto wanaotambaa, vile vimpira vya ziada viwekwe mbali, maana vinaingia puani na kooni kirahisi sana. Kama kimpira kimebaki ndani ya sikio, usichokoe na pini wala pamba ya kijiti, utakisukuma kwenye ngoma ya sikio. Njoo tu.

Kuhusu sauti: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto 75. Ikifika 90, ni saa nne tu kwa wiki nzima. Sasa daladala ya Makumbusho hadi Bagamoyo, injini inanguruma, konda anapiga kelele, iafoni inapwaya, mtoto anapandisha mpaka mwisho, kwenda na kurudi kila siku. Kimpira kinachoziba kinapunguza pia zile kelele za nje, kwa hiyo hana haja ya kupandisha. Ila akiwa anatembea kando ya barabara kuu avue, asije akakosa honi ya bodaboda.

Yule kijana tulimtafutia vimpira kwenye boksi lake la zamani nyumbani, mama alikuwa amelihifadhia vifungo. Kulia cha kati, kushoto kikubwa. Mama ameniambia Jumatatu kwamba simu sasa iko nusu ya sauti, na besi, kijana anasema, "imetoka". Tumepanga aje tumpime usikivu mwezi ujao, maana sikio la kushoto analalamika linalia "nziii" usiku.