Minazini, kijiji kilichoandikwa kwa miaka 45

Anayeuliza historia ya Mafia, kisiwa cha pwani ya Tanzania, hupelekwa kwanza Kua, kisiwani Juani, akaone magofu ya mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha ataelezwa habari za Kisimani, mji mkongwe ambao bahari imeula sehemu kubwa. Akibaki na muda, atasimuliwa jinsi Waingereza walivyoitumia Mafia mwaka 1915 kurushia ndege za kuisaka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji.

Hizo ni habari kubwa na zina haki ya kusimuliwa. Lakini mkulima wa kaskazini ya kisiwa aliyekesha shambani akilinda mpunga usiliwe na nguruwe hayumo ndani yake. Hayumo pia mwanamke aliyesuka ukili tangu alasiri hadi magharibi, akashona mkeka, akauuza ili apate ada ya shule ya mtoto. Watu hawa ndio waliokuwa Mafia, na kwa karne nyingi hakuna aliyeona sababu ya kuyaandika maisha yao.

Ndiyo maana naithamini kazi iliyoanza mwaka 1965 katika kijiji kimoja cha kaskazini. Mwaka huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha London, Pat Caplan, alifika Mafia kufanya utafiti wa elimu ya jamii, akakaa hadi 1967. Katika vitabu vyake kijiji hicho alikiita Minazini, jina la kubuni lililokusudiwa kuwasitiri wenyeji. Wapo watafiti wengi waliokusanya data ya shahada yao wasionekane tena. Caplan alirudi mwaka 1976, akarudi 1985, 1994, 2002, 2004 na 2010. Wasichana aliowakuta wakichezwa unyago aliwakuta tena wakiwa mabibi wenye wajukuu.

Jambo la kwanza aliloliandika kwa kina ni ardhi, na hapo ndipo kazi yake ina uzito hasa. Kusini ya Mafia, karne ya 19, Waarabu wenye asili ya Oman walifungua mashamba makubwa ya minazi kwa jasho la watumwa. Kaskazini mashamba ya namna hiyo hayakushamiri. Watu walifyeka pori, wakachoma, wakapanda mpunga na muhogo, kisha wakaiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa wakahamia kwingine. Pori hilo halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa chini ya koo, na mtu aliweza kudai nafasi yake katika ukoo kwa upande wa baba au wa mama. Aliyekuwa na babu na bibi wa koo tofauti alikuwa na milango kadhaa ya kubisha, na msimu ulipofika alichagua aende kulima na ndugu gani.

Mwanamke naye alikuwa na milango hiyo hiyo. Alilima shamba lake kwa haki yake mwenyewe, na mpunga alioujaza ghalani ulikuwa wake. Minazi ilikuwa mali ya mtu binafsi, na wanawake walikuwa nayo pia, ingawa katika mirathi ya sheria ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Caplan aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1975, mwaka ule ule Tanzania ilipotunga sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa. Baadaye aliandika waziwazi kwamba mipango ya maendeleo inayomhesabu mume kuwa mkuu wa kaya na mwenye shamba inaweza kumpokonya mke haki aliyorithi kwa wazee wake. Bila daftari lake la miaka ya 1960, leo nani angeamini kwamba bibi wa Mafia alikuwa na shamba lake kabla mradi wowote haujaja kumfundisha kumiliki mali?

Kazi iliyonigusa zaidi, hata hivyo, haikutoka kwenye kalamu ya Caplan. Katika miaka ile ya 1960 alimwomba mwanakijiji mmoja awe anaandika habari za kila siku. Mtu huyo, ambaye vitabuni amepewa jina la Mohammed, aliandika kwa Kiswahili mambo ya shamba, maradhi, mazishi, ugomvi wa watu na habari za mashetani wa nchi kavu na wa baharini ambao wanakijiji waliwatambua na kuwachezea ngoma. Aliandika kama mtu anayejua nani ni ndugu wa nani na kwa nini fulani hakuhudhuria hitima. Mgeni angehitaji miaka kuyaona hayo, na mengine asingeyaona kamwe.

Shajara hiyo, pamoja na mazungumzo yaliyoendelea kwa miaka mingi na Mohammed, mkewe na binti yao, vilizaa kitabu African Voices, African Lives kilichotoka mwaka 1997. Kinachonipendeza ndani yake ni kwamba mume na mke wanasimulia maisha yaliyokuwa ya pamoja kwa njia mbili, na binti anaongeza ya tatu. Kumbukumbu ya kijiji hupungua sana inapoachiwa wazee wa barazani peke yao, kwa kuwa uzazi, kufiwa na watoto na talaka huwa na historia nyingine kabisa jikoni na uani.

Kuna swali ambalo Caplan mwenyewe analikabili kitabuni: kitabu hiki ni cha nani? Pwani yetu inalijua swali hilo tangu zamani. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu Desturi za Wasuaheli. Jina lililowekwa mbele lilikuwa la Mjerumani Carl Velten, lakini sehemu kubwa ya maelezo hayo ya kuzaliwa, kuoa, kusafiri na kuzika iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia huko mwaka 1927. Mtoro alifichwa na jina la mwingine. Mohammed alifichwa kwa nia njema, ili siri za nyumba yake zisimrudie kwa majirani. Sababu hiyo naikubali, hasa pale penye habari za talaka na uchawi. Hata hivyo inaniuma kwamba mwandishi hodari wa Kiswahili anajulikana duniani kwa jina ambalo si lake. Mwaka 2016 Caplan alitoa kitabu kingine, Mikidadi, kinachofuata maisha ya mtu mmoja wa Mafia sambamba na historia ya taifa, na safari hii jina la mwenyewe ndilo lililokaa juu ya jalada.

Kurudi mara kwa mara ndiko kunakoonyesha mabadiliko. Safari ya 1985 ilimkuta mwananchi wa Tanzania katika dhiki ya sukari, sabuni na nguo. Ile ya 1994 iliangukia enzi ya ruksa, biashara ilipolegezwa masharti: bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, lakini fedha ya kuzinunua haikuwa kwa kila mtu. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya wilaya ikawa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini. Wavuvi wengi wa huko waliipokea kwa matumaini, kwani walikuwa wamechoshwa na wageni waliovua kwa baruti, kisha wakalalamika kwamba masharti yamewageukia wao. Mtafiti mwingine, Christine Walley, aliyeishi kisiwani Chole katika miaka ya 1990, alilieleza hilo kwa kirefu mwaka 2004. Simu za mkononi na wawekezaji wa utalii vilifuata, na mwana aliyehamia Dar es Salaam akaweza kuulizia hali ya mama yake jioni ile ile, bila kungoja jahazi lilete barua.

Caplan aliandaa pia tovuti ya Kiswahili na Kiingereza juu ya Mafia, ili wenyeji wasome habari zao. Ilikuwa hatua ya haki, na inahitaji nyingine. Vitabu vyake vingi vilitoka kwa Kiingereza. Shajara ya Mohammed ilizaliwa kwa Kiswahili, na mahali pake ni mezani kwa kijana wa sekondari ya Kilindoni anayesoma historia, ikiwa kwa lugha ile ile aliyoiandikia mwenyewe, pamoja na picha za kijijini za 1965 ambazo baadhi ya watu wake bado wanaweza kutambuliwa na wajukuu. Wazee waliokuwa vijana mwaka ule sasa wana miaka 80 na zaidi. Kazi ya kuwauliza ni nani yuko pichani, shamba lile lilikuwa la ukoo gani, na mnazi ule aliupanda nani, inafaa ianze mwaka huu.