Mwisho wa Mnyama Liboi: Ngamia, Ng'ombe na Punda

Kwa wafugaji Wasomali wa Liboi, mji wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, kumpumzisha mnyama asiye na tumaini la kupona ni kazi ya kisu tangu zamani, na wakati wa kukitoa kisu hicho uliwekwa na dini. Qurani, katika sura ya Al-Maida, inaharamisha kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Mnyama aliyeanguka, aliyepigwa pembe au aliyeraruliwa na mnyama mkali ni halali iwapo tu atawahiwa kuchinjwa akiwa hai. Kwa hiyo mchungaji ambaye ngamia wake amevunjika mguu mbali na kisima hakuwa na sababu ya kungoja: kungoja kungemzidishia mnyama maumivu na kuinyima familia nyama.

Namna ya kuchinja nayo ilipangwa. Hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahih Muslim, inamwamuru mchinjaji anoe kisu chake na amwondolee mnyama mateso. Mafundisho mengine yanakataza kunoa kisu mbele ya macho yake. Ngamia hupigishwa magoti, mguu wa mbele ukafungwa kamba, kisha huchomwa pale shingo inapokutana na kifua, kwa kuwa shingo yake ni ndefu na hapo damu humtoka upesi. Mbuzi hulazwa ubavu akielekezwa kibla.

Kabla ya kisu kulikuwa na uuguzi, tena wa kuchosha. Wakati wa kiangazi kikali ng'ombe aliyelala usiku akashindwa kusimama huinuliwa asubuhi, mmoja akishika mkia na wengine wakimtegemeza mbavuni, mpaka miguu iache kutetemeka. Wanyama dhaifu hubakizwa nyumbani wenzao wanapopelekwa malisho ya mbali, wakalishwa matawi yaliyokatwa, uji, hata vipande vya katoni. Familia yenyewe haijashiba, lakini ng'ombe hupewa sehemu yake.

Punda hakupata bahati ya kupumzishwa kwa kisu, na hili ni jambo la kusikitisha, kwani ndiye aliyebeba maji ya watu wote. Nyama yake hailiwi. Wasomali hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo wanazuoni wake walikataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, na mfano wanaoutoa vitabuni ni huyo huyo punda aliyelemaa. Wanazuoni wa Hanafi waliruhusu. Hivyo punda mzee au aliyevunjika mara nyingi aliachwa ajifie, na fisi hawakuwa mbali.

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya mwaka 1962, iliruhusu mnyama anayeteseka bila tumaini auawe. Lakini sindano ya kumlaza mnyama moja kwa moja ilikuwa huduma ya mbwa na paka wa mijini kama Nairobi. Huko kaskazini mashariki, ilipo Liboi, kazi kubwa ya madaktari wa mifugo ilikuwa chanjo na karantini.

Ukame ndio uliolirudisha suala hili mbele ya serikali na mashirika. Mwaka 2009 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kuokoa mifugo wakati wa majanga, LEGS, unaoeleza jinsi ya kununua mifugo iliyodhoofika na kuichinja karibu na wafugaji wenyewe ili nyama igawiwe wenye njaa. Miaka miwili baadaye Liboi ikawa lango la maelfu ya Wasomali waliokimbia njaa kuelekea kambi za wakimbizi za Dadaab, wengi wao wakiwa wamepoteza mifugo yao. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Ununuzi wa namna hii una faida pale tu fedha zinapofika mapema. Ng'ombe asiyeweza tena kutembea hafiki mahali pa kuchinjiwa, na mzoga hauna mnunuzi.

Punda hanunuliwi katika mipango hiyo ya nyama. Kilichobadilika kwake ni fatwa na utawala. Taasisi ya fatwa ya Misri, Dar al-Ifta, imeruhusu kumuua kwa njia isiyo na maumivu mnyama aliyekatiwa tamaa, na tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Lakini sindano ya kumlaza mnyama inahitaji daktari wa mifugo, na madaktari hao ni wachache mno katika eneo pana kama Garissa.