Mishipi ya kati katika taekwondo: Hatua inayopima subira

Taekwondo ni sanaa ya kupigana yenye asili ya Korea, na hutegemea miguu zaidi kuliko mikono. Kabla ya kuvaa mshipi mweusi, mwanafunzi hupitia madaraja kumi yanayohesabiwa kurudi nyuma, kutoka la kumi hadi la kwanza. Klabu hutofautiana kidogo katika rangi, ila mpangilio uliozoeleka ni mweupe, manjano, kijani, samawati na nyekundu.

Kijani na samawati ndiyo mishipi ya kati. Katika mapokeo ya Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo (ITF), lililoasisiwa na Choi Hong Hi mwaka wa 1966, kijani ni mmea unaokua na samawati ni mbingu ambako mmea huo unaelekea. Nyekundu, inayofuata, ni hatari: humwonya mpinzani, na humkumbusha aliyeivaa kwamba sharti ajidhibiti.

Katika mfumo wa Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa jijini Seoul mwaka wa 1972, mwanafunzi wa mishipi ya rangi hujifunza mifululizo minane ya miondoko iitwayo Taegeuk. Wa tatu huashiria moto, wa nne radi, wa tano upepo na wa sita maji. Katika wa tatu, mwanafunzi hukutana na pigo la ukingo wa kiganja shingoni na mkao unaoelemeza uzito kwenye mguu wa nyuma. Wa nne huleta teke la ubavu, wa tano pigo la kiwiko, na wa sita teke la kuzungusha.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Anayeanza huona maendeleo yake kila wiki, kwa kuwa kila kitu ni kipya kwake. Wa mshipi wa kati tayari ana nguvu, lakini bado hana ustadi wa kuiongoza. Teke la ubavu humtaka ageuze wayo wa mguu aliosimamia, akunje goti kwanza, kisha anyooshe mguu bila kuyumba. Ni zoezi la miezi, si la siku moja. Wengi huchoka hapa na kuacha.

Aidha, hatua hii humwandaa mwanafunzi kwa mashindano. Chini ya kanuni za Shirikisho la Dunia, ngumi kifuani huleta alama moja, teke la mwili mbili na teke la kichwa tatu. Teke la kugeuka huleta nne mwilini na tano kichwani. Mkenya Faith Ogallo alicheza chini ya kanuni za aina hiyo katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021.

Kwa mzazi anayelipia mafunzo, swali la kumuuliza mkufunzi si mwanawe atapandishwa lini, bali anaweza kufanya nini leo ambacho jana hakukiweza. Mshipi unaotolewa kabla ya wakati humwingiza mtoto ulingoni dhidi ya waliomzidi, na gharama yake huwa ni jeraha. Mwanafunzi aliyecheleweshwa kidogo hapotezi kitu. Haraka haraka haina baraka.